Maswali yenu: vimishipa vya damu vinavyooteshwa maabara, na kwa nini picha nzuri haitoshi

Toleo lililopita tuligusia tu, mistari michache, habari ya wanasayansi wanaootesha mishipa ya damu midogo kabisa nje ya mwili, ndani ya vibakuli vya maabara, na jamani sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Kuna wanafunzi, kuna walimu, kuna wenye wagonjwa nyumbani, na kuna wale wa kubishana tu (nawapenda pia). Nimechukua maswali yanayojirudia, nimeyafupisha, majina nimeyatoa. Kumbukeni mi kazi yangu ni seli za maabara, sio wodini, kwa hiyo habari za dozi msiniulize.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha biolojia sekondari na wanafunzi wangu wameniuliza swali likanishinda, hizo seli za kuoteshea mishipa wanazitoa wapi? Wanamchoma mtu sindano wanavuta mshipa au inakuaje?

Marahaba. Hapana, hamna haja ya kumchoma mtu. Chanzo kikubwa tangu zamani ni kitu ambacho hospitali zingekitupa, yaani kitovu, ule mrija unaomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Ndani yake mna vena moja pana, na ukuta wa ndani wa vena hiyo umetandikwa safu moja tu ya seli zinazoitwa seli za endothelia. Hizo ndo tunazitaka, maana kila mshipa mwilini, kuanzia ateri kubwa ya moyo hadi kapilari ya mwisho, ndani yake una safu hiyo hiyo. Na kapilari yenyewe ukiiangalia vizuri karibu yote ni hiyo safu tu na utando mwembamba nje yake, haina misuli kama ateri.

Namna ya kuzitoa haijabadilika sana. Mama anatoa ridhaa, mtoto akishazaliwa kitovu kinachukuliwa kikiwa bado kibichi, vena inasafishwa damu, inajazwa kimeng'enya cha kolajenesi kinachoyeyusha gundi inayozishikilia seli ukutani, unasubiri dakika kadhaa, alafu unasukuma maji ya chumvi yanatoka na seli zako. Waliofanikisha hii vizuri kwa mara ya kwanza ni Eric Jaffe na wenzake New York, 1973, na nnachopenda kwenye kazi yao ni kwamba hawakuishia kusema "tumepata seli", walithibitisha ni zenyewe, kwa kutafuta ndani yake vile vijifuko virefu ambavyo Weibel na Palade walikuwa wameviona 1964 na vinapatikana kwenye seli za endothelia. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaotesha kitu wanakiita endothelia kumbe imejaa fibroblasti (seli za tishu unganishi) na seli za misuli.

Siku hizi kuna vyanzo vingine. Kuna zinazotolewa kwenye ngozi, hizi ni za vimishipa vidogo hasa, kuna za mapafu, kuna za ubongo, na kuna zinazotengenezwa kutoka seli shina. Shinya Yamanaka alionyesha 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga, na kutoka hapo ukiipa ishara sahihi kwa mpangilio sahihi inageuka endothelia. Faida yake ni kwamba unaweza kuwa na vimishipa vyenye jeni za mgonjwa fulani. Hasara ni gharama na uvumilivu, na wakati mwingine seli inayotoka haijakomaa sawasawa.

Waambie wanafunzi wako kitu kimoja cha ziada, seli za endothelia za mguu sio sawa na za ini wala za ubongo. Za ini zina matundu, za ubongo zimebanana kiasi kwamba hata dawa nyingi hazipiti. Kwa hiyo ukisoma mtu kagundua jambo kwa seli za kitovu alafu anatangaza habari za ubongo, hapo inua mkono uulize.

Swali: Kapilari ni ndogo kiasi gani hasa?

Upana wa maikromita 5 hadi 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe nyekundu ya damu ina 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi inapita kwa kujikunja, moja moja. Malpighi aliziona kwenye mapafu ya chura 1661, Harvey aliyeeleza mzunguko wa damu 1628 alikufa bila kuziona.

Swali: Habari za kazi. Mi niko mwaka wa pili wa masters, nimemwaga seli za kitovu juu ya Matrigel na kufikia jioni zimeshachora mtandao mzuri ajabu, kama utando wenye vyumba vyumba. Nimepiga picha nikampelekea msimamizi akanijibu "hiyo sio mishipa" basi, hakueleza. Kwani shida iko wapi? Karibu kila paper niliyosoma wamefanya hivi hivi.

Msimamizi wako yuko sahihi ila angekueleza, maana hili ndo jambo lenyewe kwenye fani nzima na watu wengi wanaligundua wakishachapisha.

Twende taratibu. Mwaka 1980 Judah Folkman na Christian Haudenschild walionyesha kwamba seli za endothelia za kapilari ukiziacha kwenye chombo kwa muda zinajipanga zenyewe kuwa mirija. Hiyo ilikuwa kubwa, maana ilionyesha ramani ya mshipa iko ndani ya seli yenyewe, haihitaji mwili kuiambia kila kitu. Ila ilichukua wiki. Alafu 1988 kundi la Kubota na Hynda Kleinman wakaonyesha kwamba ukiziweka juu ya Matrigel haichukui wiki, inachukua saa. Tangu hapo kila mtu anaitumia kwa sababu ni rahisi na ni haraka, na picha zake kweli zinavutia.

Sasa Matrigel ni nini? Ni ute wa protini unaotolewa kwenye uvimbe wa panya, umejaa laminini na kolajeni ya aina ya nne, na ndani yake kuna vikuzi (protini zinazochochea seli kukua) mbalimbali, na kila shehena ina tofauti na nyenzake. Seli zikitua pale zinavuta ute, zinajinyoosha, zinafuatana, mtandao unatokea. Jaribu siku moja kuweka fibroblasti pale pale uone. Nazo zinachora! Seli za saratani kadhaa nazo zinachora. Kwa hiyo mtandao peke yake unakuambia seli zinaweza kutembea, kushikana na kuvuta, haukuambii zimetengeneza mshipa. Ni mstari wa penseli kwenye ramani, gari haiwezi kupita juu yake.

Mshipa lazima uwe na tundu ndani, upande wa juu wa seli ukiangalia kwenye tundu na upande wa chini ukiwa umekaa kwenye utando wa msingi ambao seli zenyewe zimeutengeneza. Uwe na seli za pembeni zinazoushikilia, perisaiti. Kimiminika kipite bila kuvuja hovyo. Na udumu. Mtandao wako wa Matrigel unaanza kuonekana baada ya saa 4 hadi 6, unapendeza saa 16 au 18, na baada ya siku moja hivi unaanza kukatika vipande. Uliona hilo au uliondoka na picha ya jioni?

Usivunjike moyo lakini, jaribio hilo lina kazi yake. Ukiwa na dawa 20 unataka kujua ipi inazuia seli zisijipange, Matrigel inakupa jibu la kwanza kwa haraka, alafu zile mbili tatu zilizobaki unazipeleka kwenye kitu kigumu zaidi. Kitu kigumu zaidi ni nini? Mi ningekushauri jeli ya fibrini. Unachukua vijishanga vidogo unavivisha seli za endothelia, unavizamisha ndani ya fibrinojeni, unaongeza thrombini (zote mbili ni protini za kugandisha damu) inaganda, juu yake unamwaga fibroblasti. Siku chache zijazo unaona vichipukizi vinatoka kwenye kishanga kuingia kwenye jeli, na kadri wiki inavyoisha vinapata tundu la ukweli. Ukiondoa fibroblasti haviendi mbali, matundu hayafunguki, maana zile fibroblasti zinatoa vikuzi na protini ambazo endothelia peke yake haitoi ya kutosha. Hapo unajifunza kwamba mshipa ni kazi ya ushirika.

Na kwenye kichipukizi utaona seli moja iko mbele ina vidole virefu inapapasa njia, hiyo ni seli kiongozi, inafuata harufu ya VEGF, protini inayoita mishipa iote. Zile za nyuma yake zinagawanyika na kujenga bomba. Kinachozuia zote zisitake kuwa kiongozi ni mazungumzo ya jirani kwa jirani kupitia Notch, protini ya kupokea ishara iliyo juu ya seli, kiongozi anawaambia wa pembeni "nyie tulieni". Ukiizima Notch unapata vichipukizi kibao vinavyoenda kila upande, kwa macho unasema aah mishipa imeongezeka, ila damu haipiti vizuri humo. Nimeona hata watu wazima kwenye mikutano wanapiga makofi kwa hesabu ya matawi. Matawi mengi sio ushindi.

Kwa hiyo kabla hujampelekea msimamizi picha nyingine, paka alama za CD31 na VE-cadherin (protini zinazokaa pale seli za endothelia zinaposhikana) uone mipaka ya seli, angalia kwa hadubini ya konfoka ukikata picha upande wa wima uone kama kuna tundu, weka kibakuli cha fibroblasti peke yake kwenye Matrigel kama ulinganisho, na anayehesabu matawi asijue kibakuli kipi kina dawa.

Swali: Mtandao wangu kila nikirudia unatoka tofauti, leo mzuri kesho madonge madonge. Nimebadilisha midia (maji ya lishe ya seli), nimebadilisha chupa, nimechoka. Nisaidie kaka.

Pole ndugu. Bila kuona nitakutajia ninavyovishuku, kwa mpangilio wa hasira zangu.

Cha kwanza umri wa seli. Seli za kitovu sio za milele, ukizihamisha hamisha zinachoka, na watu wengi hawazitumii kupita pasaji (yaani kuhamishwa chombo) ya tano au ya sita. Ukiona zimekuwa pana, bapa, hazina tena ule mpangilio wa mawe ya sakafu, hizo ni bibi zetu, ziache zipumzike. Zamani watu waliamini seli zinaweza kuishi milele kwenye chupa kwa sababu ya Alexis Carrel na seli zake za moyo wa kuku zilizoanza 1912 na kuendelezwa hadi 1946, ila Hayflick miaka ya 1960 akaonyesha seli za kawaida za binadamu zina kikomo cha kugawanyika.

Cha pili baridi. Matrigel inayeyushwa polepole kwenye friji ya nyuzi 4, usiku kucha, juu ya barafu, na pipeti na sahani navyo viwe vya baridi. Ukiishika na pipeti ya joto la chumba inaanza kuganda ndani ya ncha, unamwaga milima na mabonde, na seli zinateremkia bondeni zinafanya madonge. Mapovu nayo hivyo hivyo. Kwenye sahani ya visima 96 maikrolita 50 kwa kisima zinatosha, unaingiza inkubeta ya nyuzi 37 nusu saa igande, alafu seli elfu 10 hadi elfu 20. Zikizidi unapata zulia, zikipungua unapata visiwa.

Cha tatu ambacho watu hawapendi kukisikia ni mikoplazma. Huyu mdudu hachafui midia, huoni ukungu wala harufu, hadubini ya kawaida haimuoni, na penisilini uliyoweka haimfanyi kitu kwa sababu hana ukuta wa seli ambao penisilini inaushambulia. Yeye anakula chakula cha seli zako kimya kimya na tabia zao zinabadilika. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vyake. Ukimkuta mwaga zote, usianze kuzitibu kwa huruma, na waambie wenzako mnaotumia inkubeta moja.

Na angalia seramu yako, ile ya damu ya ndama unayoweka kwenye midia, shehena ikibadilika na seli zinabadilika. Nunua ya kutosha ya shehena moja kabla hujaanza jaribio kubwa.

Swali: Mbona hawatengenezi figo basi? Kila mwaka tunaambiwa karibu, karibu. Seli za figo zipo, jeli ipo, printa zipo.

Swali la kibishi hili ila lina haki. Jibu fupi ni hivyo hivyo vimishipa.

Seli nyingi mwilini haziko mbali na kapilari zaidi ya maikromita 100 hadi 200, yaani sehemu ya kumi au ya tano ya milimita moja. Oksijeni ikitoka kwenye damu inasambaa yenyewe, na njiani seli zinaila, kwa hiyo ikifika umbali huo imeisha. Ndo maana ngozi ya kuoteshwa na gegedu viliwezekana mapema, ngozi ni nyembamba na gegedu lenyewe hata mwilini halina mishipa. Ukitengeneza donge nene la seli za ini, nje zinapendeza, katikati zinakufa. Seli zikikosa hewa zinatuma ombi la msaada, protini ya HIF inayovunjwa vunjwa kila wakati hewa ikiwepo inaacha kuvunjwa, inawasha VEGF, na VEGF inaita mishipa ije. (Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Nobel 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyopima oksijeni.) Tatizo ni kwamba kwenye kibakuli hamna mshipa wa jirani wa kuitika.

Njia ya kwanza ni kuchanganya seli za endothelia humo humo tangu mwanzo zijipange zenyewe. Shulamit Levenberg na wenzake 2005 walichanganya seli za misuli, endothelia na fibroblasti, wakapata kipande cha msuli chenye vimishipa ndani, na walipokipandikiza kwa panya baadhi ya vimishipa hivyo viliungana na vya mwenyeji damu ikapita. Njia ya pili ni kuacha njia tupu. Mwaka 2012 kundi la Jordan Miller na Christopher Chen kule Philadelphia walichapisha wavu wa sukari ngumu, wakamwagia jeli yenye seli juu yake, alafu wakaiyeyusha ile sukari ikaacha mifereji, wakaivisha endothelia na kupitisha damu. Mi hii naipenda kwa sababu ni akili ya kawaida kabisa. Lakini mifereji ya sukari ni mipana, mamia ya maikromita, kapilari ya 7 huwezi kuichapisha hivyo, na zile zinazojipanga zenyewe ni nyembamba vizuri ila hazijui ziende wapi. Kuunganisha bomba kubwa linaloshoneka na daktari wa upasuaji na mtandao mwembamba wa chini, kwenye donge lenye ukubwa wa figo, na damu isigande humo ndani, hapo ndo wamekwama. Ukisikia mtu kachapisha figo muulize damu imepita kwa muda gani.

Swali: Mama yangu ana kisukari, mguu una kidonda hakiponi, wanasema vimishipa vya chini vimeharibika. Nimesoma kwamba kuna nchi wanaotesha vimishipa vya mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye damu yake. Tunaweza kupeleka damu? Kuna mtu ametuambia anaweza kutusaidia kwa malipo.

Pole sana, na nianze na mwisho wa barua, huyo mtu msimpe hela. Hakuna tiba iliyothibitishwa ya kupeleka damu alafu ukarudishiwa vimishipa vya mguu. Wanaouza seli shina kwa ugonjwa wowote utakaoutaja ni wengi duniani kote.

Ulichosoma nafikiri kimetokana na kazi halisi. Mwaka 2019 Reiner Wimmer, Josef Penninger na wenzao kule Vienna walitengeneza oganoidi za mishipa kutoka seli shina za binadamu, vijidonge vya milimita moja au mbili hivi vyenye endothelia na perisaiti na utando wa msingi. Wakaviweka kwenye midia yenye sukari nyingi na kemikali za inflamesheni (zile mwili unazotoa sehemu ikiumia na kuvimba), na ule utando ukanenepa, kama unavyonenepa kwenye vimishipa vya wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo wamepata ugonjwa ndani ya kibakuli, wanaweza kujaribu dawa juu yake. Hiyo ni hatua kubwa ya kuuelewa ugonjwa, lakini sio mguu wa mama.

Kuna waliojaribu pia kudunga VEGF au jeni lake kwa wagonjwa wenye moyo au miguu isiyopata damu ya kutosha, tangu miaka ya 1990. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, yale makubwa yenye kundi la kulinganisha hayakuleta faida waliyoitegemea. Na ukishaotesha vimishipa kwenye jeli hushangai, maana VEGF peke yake inaleta vimishipa vinavyovuja na visivyodumu, havina perisaiti wa kuvituliza. Protini hiyo hiyo, kabla haijajulikana kama kikuzi, ilikuwa imeshaelezwa 1983 na Senger na Dvorak kwa sababu inafanya mishipa ivuje.

Kwa mama, kidonda kisichopona kinahitaji kliniki ya miguu ya kisukari haraka, wapime kama damu inafika mguuni, wasafishe, waangalie maambukizi, na sukari idhibitiwe. Ateri ikiwa imeziba kuna njia za kuifungua. Msisubiri maabara.

Swali: Kama saratani inahitaji mishipa si waikate tu mishipa ife?

Folkman alisema hivyo hivyo 1971 na wengi hawakumuelewa. Baadaye ikaja dawa ya bevacizumab, inayoikamata VEGF, Marekani ikaipitisha 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Kwenye jaribio lake, walioipata pamoja na kemotherapi waliishi miezi 20.3 kwa wastani wa kati dhidi ya 15.6 kwa kemotherapi peke yake. Sio kidogo, ila sio kuponya. Uvimbe una njia nyingine za kuita mishipa, na mwingine unapanda tu kwenye mishipa iliyopo tayari. Dawa za kundi hili zimefanya vizuri zaidi kwenye jicho, kwa wazee ambao vimishipa vinaota nyuma ya retina na kuvuja.

Swali: Naomba unieleze hizi chipu. Mi ni fundi maabara, tumeletewa moja ya mfano, ni kama kipande cha silikoni kina mifereji. Nini kinapita mle, na mnajuaje kwamba vimishipa vinafanya kazi na sio urembo?

Swali zuri kweli, na wewe fundi ndo utakayeamua kama hiyo chipu itafanya kazi au itakaa kabatini.

Mara nyingi katikati kuna chumba cha jeli, pembeni yake kuna mifereji miwili. Kwenye jeli unachanganya fibrini, endothelia na fibroblasti, wanajipanga wenyewe, ndani ya wiki hivi wakikubali wanafungua midomo kwenye mifereji ya pembeni, na hapo ukiinua kimo cha midia upande mmoja kuliko mwingine inaanza kutiririka kupitia mtandao, huhitaji hata pampu kwa kuanzia. Pampu inakuja baadaye ukitaka mkondo wa kudumu.

Kwa nini mkondo? Kwa sababu endothelia inahisi msuguano wa kinachopita juu yake. Seli za kitovu zikiwa kwenye kibakuli kilichotulia zina maumbo ya kila namna, zikipata mkondo wa kutosha kwa siku moja hivi zinalala kuelekea unakotiririka, na jeni zinazowashwa zinabadilika, zinakuwa tulivu, hazishiki chembe za damu hovyo. Endothelia isiyopata mkondo iko kama imestuka muda wote, na sisi miaka yote tumekuwa tukijaribia dawa juu ya seli zilizostuka. Hii inanikera kidogo.

Kujua zinafanya kazi, pitisha dekstrani (sukari ya molekuli kubwa) inayong'aa. Kwanza uone inaingia upande huu inatokea ule, alafu uangalie inavuja kiasi gani kwenda kwenye jeli kwa dakika. Tumia dekstrani za ukubwa tofauti, ndogo ivuje kidogo na kubwa ibaki ndani, zikivuja zote sawa una matundu. Kisha weka kitu kinachojulikana kufungua mishipa, thrombini mathalan, uone kama uvujaji unaongezeka. Mshipa usioitikia chochote nao una tatizo.

Na utakapofika hapo unaweza kuuliza maswali ambayo kibakuli hakiwezi. Chembe nyekundu zenye malaria ya falciparum zinajibandika kwenye kuta za vimishipa vya ubongo na kuviziba, na kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kuliona hilo likitokea kwa binadamu zaidi ya kuangalia jicho au maiti. Sasa kuna maabara zimetengeneza vimishipa vya kolajeni vyenye endothelia ya ubongo, wanapitisha hizo chembe kwa mkondo wa kasi tofauti na kuangalia zinajishika wapi na kwa protini gani. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwatetea hao wanaonunua chipu.

Tahadhari ya kifundi: adui yako ni povu la hewa. Povu moja likipita kwenye mtandao linazikwangua seli zote na wiki nzima imekwenda. Midia iache ipoteze hewa kwanza ndani ya inkubeta, mirija ijazwe kabla ya kuunganishwa, tone likutane na tone. Na ile silikoni inanyonya dawa zenye asili ya mafuta, kwa hiyo dozi uliyoweka sio dozi ambayo seli zimepata.

Swali: Kwa hiyo panya wamepona? Hawatatumika tena?

Bado. Marekani mwishoni mwa 2022 ilibadili sheria, dawa mpya hailazimiki tena kujaribiwa kwa wanyama kabla ya watu kama kuna ushahidi mwingine unaofaa, na chipu zimo kwenye ushahidi huo. Lakini hata vibakuli vyetu havijajitenga na wanyama, Matrigel inatoka kwa panya na seramu inatoka kwa ndama aliye tumboni. Watu wanahangaika kutafuta mbadala, na wengine tayari wanatumia jeli za kutengeneza na midia isiyo na seramu, ni ghali tu na seli zinadeka.

Swali: Naweza kugandisha seli za kitovu nikazitumia mwakani?

Ndiyo, mapema iwezekanavyo, pasaji ya kwanza au ya pili. Seramu na DMSO (kemikali inayozilinda seli zisipasuliwe na barafu) asilimia 10, zishuke polepole kama nyuzi 1 kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kesho yake zihamie kwenye nitrojeni ya maji. Kuziamsha ni kinyume, haraka kwenye maji ya nyuzi 37, zimwagie midia ya kutosha DMSO ipungue, na kesho yake badilisha midia. Zile zilizogandishwa zikiwa tayari ni za pasaji ya sita usijisumbue.